Java Imepanda Toleo, Programu Imegoma Kujengeka

Kila mwisho wa mwezi, katika vituo vya afya vya Kisarawe, kuanzia Maneromango hadi Mzenga, mhudumu hufungua vitabu vya MTUHA, yaani rejista za takwimu za afya, na kuanza kujumlisha. Kitabu Namba 5 kina wagonjwa wa nje, Namba 6 kina wajawazito, Namba 12 kina waliojifungua. Jumla zikishapatikana huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Tanzania inautumia nchi nzima tangu 2013. Mkoa wa Pwani una undugu nao wa pekee, kwani ndiko ulikojaribiwa kabla ya kusambazwa kwingine. Kenya walikuwa wametangulia kuueneza kitaifa mwaka 2011, na wao pia walianzia majaribio Pwani ya kwao.

DHIS2 imeandikwa kwa Java. Mhudumu wa Mzenga hana sababu ya kulijua hilo. Anayepaswa kulijua ni mtu wa TEHAMA aliyekabidhiwa seva, maana Java haikai mahali pamoja. Toleo la 8 lilitoka Machi 2014 na likazoeleka mno, hata wengi wakaliona kuwa ndiyo Java yenyewe. Septemba 2017 likaja la 9, na tangu hapo toleo jipya hutoka kila baada ya miezi 6. Machache kati yake, yaani 11 la mwaka 2018, 17 la 2021, 21 la 2023 na 25 la 2025, ndiyo yanayotunzwa kwa muda mrefu. DHIS2 nayo imefuata nyayo: toleo lake la 2.41 linataka Java 17, na lililofuata, la 42, linataka pia Tomcat 10, yaani seva ya wavuti inayoubeba mfumo.

Kwa nini mtu asibaki alipo? Ni swali la haki, hasa pale ambapo mfumo unafanya kazi na bajeti ni finyu. Jibu moja lilikuja Desemba 2021, lilipogunduliwa tundu la usalama ndani ya Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio iliyomo ndani ya programu za Java zisizohesabika, DHIS2 ikiwemo. Watengenezaji wa DHIS2 walitoa matoleo yaliyozibwa. Aliyekuwa kwenye toleo linalotunzwa alibadilisha faili moja, akawasha seva upya, akaenda kulala. Aliyekuwa kwenye toleo lililoachwa zamani alikesha akitafuta namna ya kuziba kwa mkono kitu ambacho mwenyewe hakukiandika. Kubaki nyuma kuna gharama zake, ila haziji kila siku.

Sasa, anayepakua faili ya dhis.war iliyokwisha kujengwa na kuiweka kwenye seva hakutani na tatizo la kujenga. Oslo wamemfanyia kazi hiyo. Linamkuta yule mwenye programu za pembeni: kiunganishi kinachochukua takwimu kutoka mfumo wa hospitali, kijiprogramu cha kuchapa ripoti ya wilaya, au marekebisho ya ndani yaliyowahi kufanywa na mtu ambaye siku hizi yuko kazi nyingine. Nichukue kiunganishi cha kubuni, ila cha aina iliyojaa maofisini. Kimeandikwa 2015 kwa Java 8. Kinasoma jumla za vituo, kinazigeuza kuwa XML, kinazituma DHIS2. Seva mpya imewekewa Java 17, na aliyerithi kazi ameandika amri ya Maven, zana ya kujengea programu za Java, ili akijenge upya. Skrini imejaa maandishi mekundu.

"Kaka, Java mpya imevunja kila kitu. Makosa mia," anaandika kwenye WhatsApp, na kuambatanisha picha ya mistari ya mwisho ya skrini.

"Tuma logi yote mdogo wangu, kuanzia juu," anajibiwa.

Jibu hilo ni nusu ya ufundi wenyewe. Kompaila ya Java, yaani javac, huacha kuorodhesha makosa inapofika 100 isipoambiwa vinginevyo. Kwa hiyo "makosa mia" si hesabu ya matatizo. Ni mahali ambapo mashine imechoka kuhesabu. Huenda tatizo ni moja. Kwa kiunganishi chetu, logi ikisomwa kuanzia juu inaonyesha kwamba kompaila haikuiona pakeji ya `javax.xml.bind`. Hiyo ndiyo JAXB, maktaba ya kugeuza vitu vya Java kuwa XML. Java 8 ilikuwa ikija nayo tumboni. Java 9 ikaiwekea alama ya kuondolewa, Java 11 ikaiondoa kabisa. Kila darasa kwenye kiunganishi lina alama kama `@XmlElement` juu ya kila uga, na kila alama sasa ni kosa linalojitegemea. Chanzo ni kimoja, vilio ni mia. Anayeanza kurekebisha kutoka chini atafuta alama moja moja usiku kucha, na asubuhi atakuwa na programu inayojengeka lakini isiyojua tena kuandika XML.

Hapa ndipo napenda kusimama kidogo, kwa sababu watu wengi huingia kwenye kazi hii wakidhani kuna pande mbili tu: msimbo wao na lugha. Pande ni nne. Kuna msimbo ulioandikwa na wewe. Kuna maktaba za watu wengine unazozitegemea. Kuna zana za kujengea: Maven yenyewe, plagini zake, na vitu vinavyojipachika kwenye kompaila. Halafu kuna lugha. Lugha ikipanda, ya kwanza kuanguka huwa ni zana, zinafuata maktaba, na msimbo wako huwa wa mwisho na mara nyingi ndio wenye makosa machache zaidi. Mrithi wetu, kama wengi, ameanza kuhariri msimbo kwa sababu ndicho kitu pekee anachokifahamu.

Zitazame zana kwanza. Faili ya pom.xml ya 2015, yaani ile yenye maagizo ya Maven, inaweza kuwa inaiambia plagini ya kukompaili isome msimbo kwa kanuni za Java 6. Java 17 haiijui tena Java 6. Itakataa kabla haijagusa mstari hata mmoja wa msimbo. Linafuata Lombok, ambalo waandishi wa Java hulitumia ili wasiandike kwa mkono zile mbinu za kusoma na kuweka thamani. Lombok linafanya kazi kwa kuingia ndani ya kompaila, kwenye vyumba ambavyo havikuwa vya wageni. Kuanzia Java 16 vyumba hivyo vilifungwa. Lombok la zamani likigonga mlango hujibiwa kwa `IllegalAccessError` ndefu inayotisha, imejaa majina ya ndani ya javac, na mtu anaweza kuapa kwamba kompyuta yake ni mbovu. Dawa ni kubadilisha namba moja: toleo 1.18.22 au la baada yake linaielewa Java 17. Halafu zana za majaribio. Zile zinazosoma faili za .class zilizokwisha kukompailiwa hulalamikia namba 61. Namba hiyo ni ya Java 17. Java 8 ni 52, Java 11 ni 55, Java 21 ni 65. Zana ya 2015 haikuwahi kuambiwa kwamba 61 itakuja kuwepo.

Kwenye msimbo wenyewe, cha kusema si kingi. Kiunganishi kinatumia `sun.misc.BASE64Encoder` kuandika jina na nywila kwa mtindo wa Base64 kwenye kichwa cha ombi linalokwenda DHIS2. Kifaa hicho kilikuwa cha ndani ya Java, hakikuwahi kuahidiwa kwa umma, na kiliondoka na toleo la 9. Mbadala wake rasmi, `java.util.Base64`, upo tangu Java 8, yaani ulikuwepo tayari mwaka mmoja kabla kiunganishi hakijaandikwa. Hapo huwezi kuilaumu Java.

Mpaka hapa nimeeleza kwa mpangilio ambao makosa hujitokeza. Mpangilio wa kuyarekebisha ni mwingine, na hili ndilo hasa ninalotaka kulisisitiza: sehemu kubwa ya kazi ya kuhamia Java 17 inafaa kufanywa ukiwa bado kwenye Java 8.

Linasikika kama kinyume, lakini lifikirie. Ukibadilisha lugha, zana, maktaba na msimbo kwa pamoja, kosa likitokea una washukiwa wanne. Ukibaki kwenye Java 8, ambako programu ilikuwa ikijengeka jana, kisha ukapandisha kitu kimoja, kosa likitokea unajua mkono wako ulikuwa wapi. Plagini mpya za Maven zinafanya kazi kwenye Java 8. Lombok jipya pia. JAXB inaweza kuongezwa kwenye pom.xml kama maktaba ya kawaida hata pale ambapo Java 8 tayari inayo ya kwake. Base64 nayo inabadilishwa papo hapo. Kuna hata zana inayokuja na JDK 8 yenyewe, yaani furushi la Java la waandishi wa programu. Ni jdeps, ambayo ukiielekeza kwenye faili zako na kuiomba ionyeshe matumizi ya vitu vya ndani, itakutajia `sun.misc.BASE64Encoder` na darasa linalokitumia. Kila hatua unajenga, unaendesha majaribio, unahifadhi kwenye Git, unaendelea.

Sharti ni moja: chagua matoleo ya maktaba yanayoishi pande zote mbili, na si lazima yawe mapya kuliko yote. Mockito ya kuandikia majaribio ikifika toleo la 5 inataka Java 11, kwa hiyo unayoitaka kwa sasa ni ya 4. Spring, maktaba iliyo msingi wa programu nyingi za Java, toleo lake la 6 lililotoka Novemba 2022 linataka Java 17 na halikubali chini ya hapo, lakini Spring 5.3 inakubali 8 na inakubali 17. Unakwenda 5.3. Si mahali pa kujenga nyumba, kwa kuwa nayo imeshamaliza muda wake wa kutunzwa bure, lakini pa kuvukia panafaa. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kuandika namba kubwa kuliko zote kwenye kila mstari wa pom.xml, akidhani anajiondolea kazi ya kesho. Anajiongezea ya leo.

Baada ya hapo ndipo unaleta JDK 17, na hata hapo huleti kila kitu kwa siku moja. Kompaila ya 17 inaweza kuagizwa itoe faili za Java 8 kwa chaguo la `--release 8`. Unajenga kwa 17 ukiendesha kwa 8. Ikisimama, unaendesha faili zile zile kwa 17. Ikisimama tena, ndipo unaondoa agizo lile na kuiacha 17 iwe 17. Kukompaili, kutoa na kuendesha ni mambo matatu tofauti, na Java inakuruhusu kuyahamisha kwa zamu. Ruhusa hiyo haipo kwenye kila lugha.

Waandishi wa Python, kwa mfano, hawana anasa hiyo. Python 3.12 ya Oktoba 2023 iliondoa distutils, kifaa ambacho vifurushi vingi vya zamani vilikitegemea ili vijengeke. Ghafla kifurushi kilichowekwa kwa amri moja tangu enzi na enzi kikaanza kufa katikati, kikilalamika kwamba moduli ya distutils haionekani. Na hata ukiviwekea setuptools, ambayo ina nakala ya distutils ndani yake, vile vilivyoandikwa nusu kwa lugha ya C huanguka kwa sababu nyingine, kwamba umbo la data ndani ya Python limebadilika. NumPy, maktaba ya hesabu, ilianza kuikubali 3.12 kuanzia toleo la 1.26, hivyo aliyefunga namba ya chini ya hapo kwenye faili yake ya mahitaji alijikuta kompyuta inajaribu kuijenga NumPy kutoka mwanzo, kwenye mashine isiyo hata na kompaila ya C. Dawa ya kwanza huko ni kuangalia kama faili iliyokwisha kujengwa kwa ajili ya Python yako ipo. Kama haipo, pandisha kifurushi kabla hujaanza kupigana na kompaila. PHP nayo ilikuwa na siku yake ya hukumu Desemba 2015, toleo la 7 lilipofuta mbinu zote zinazoanza na `mysql_`. Mifumo mingi ya shule na SACCOS ilikuwa imeandikwa kwa mbinu hizo hizo, na ipo iliyobaki kwenye PHP 5.6 muda mrefu baada ya toleo hilo kuachwa mwishoni mwa 2018.

Turudi kwenye JAXB, maana nimesema "iongezwe kwenye pom.xml" kana kwamba ni jambo la mstari mmoja. Ni mistari miwili, na ndani yake mna mtego. Mstari wa kwanza ni wa tangazo la kazi, wa pili ni wa mfanyakazi. Ukiweka `jakarta.xml.bind-api` peke yake, programu itajengeka vizuri, utafurahi, kisha siku ya kutuma ripoti itakuambia haioni wa kuifanya hiyo kazi. Lazima uongeze `jaxb-runtime`. Mtego wenyewe uko kwenye namba. Toleo 2.3.3 la maktaba hiyo, pamoja na jina lake la jakarta, bado lina pakeji za `javax.xml.bind` ndani, na ndilo linaloufaa msimbo wetu wa 2015. Toleo la 3 lina `jakarta.xml.bind`. Jina la nje ni lile lile, yaliyomo ni mengine. Ukiweka la 3, makosa mia yanarudi vile vile, na utaapa kwamba maktaba uliyoongeza haifanyi kazi.

Chanzo cha mkanganyiko huo ni cha kisheria zaidi ya kiufundi. Oracle, iliyoinunua Sun Microsystems mwaka 2010, iliamua 2017 kukabidhi sehemu ya Java inayohusu seva kwa taasisi ya Eclipse Foundation. Ilikabidhi msimbo, lakini jina la javax halikuruhusiwa kuendelezwa. Ndiyo maana Desemba 2020 pakeji zote za upande huo zikabadilishwa jina kuwa jakarta, bila chochote kingine cha maana kubadilika. Tomcat 9 inazungumza javax, Tomcat 10 inazungumza jakarta. Mzenga wanaweza kulielewa jambo hili kuliko watu wengi, kwa kuwa reli ya TAZARA inayopita kwao ina upana wa milimita 1,067, na wakienda upande wa Kibaha wanaikuta reli ya kati yenye 1,000 na ile ya kisasa yenye 1,435. Behewa la TAZARA si bovu. Halitoshi tu kwenye reli ya kati, na ndiyo maana Kidatu pakawekwa mahali pa kushusha mizigo huku na kuipandisha kule. Tomcat wana kituo chao cha Kidatu pia: zana inayochukua faili ya war ya javax na kuiandika upya iwe ya jakarta. Inasaidia kwa programu ambayo huna msimbo wake. Kwa ambayo unao, badilisha majina kwenye msimbo wenyewe.

Ila usitumie amri moja ya kutafuta na kubadilisha kila penye javax. `javax.servlet` inakuwa `jakarta.servlet`, sawa. `javax.sql` na `javax.crypto` ni mali ya Java yenyewe, hazikuhama, wala hazitahama kwa sababu hii. Nimeona msimbo uliofanyiwa badiliko la jumla likaacha `jakarta.sql.DataSource`, kitu ambacho hakijawahi kuwepo duniani.

Kuna njia ya mkato nyingine inayostahili kusemwa, kwani ndiyo utakayoshauriwa kwanza na watu wenye haraka. Programu ikianguka wakati wa kuendeshwa kwa sababu maktaba fulani imezuiwa kuchungulia ndani ya Java, unaweza kuongeza chaguo la `--add-opens` na kuufungua mlango ule mmoja. Inafanya kazi. Mimi siipingi moja kwa moja. Seva ikiwa imelala na ripoti zinasubiriwa, fungua mlango. Lakini ijulikane kwamba Java ilikuwa ikitoa onyo kuhusu mambo hayo tangu toleo la 9, ikaanza kuyakataa kwenye la 16, na kwenye la 17 ikaliondoa hata lile chaguo la kufungua milango yote kwa pamoja. Chaguo unaloandika leo liandikie sababu na jina la maktaba inayolihitaji, pale pale kwenye faili ya kuwashia seva. Bila hivyo, atakayekuja baada yako atakuta mistari minane ya `--add-opens` na hatathubutu kufuta hata mmoja.

Halafu kuna makosa yasiyohusu lugha kabisa, yanayojitokeza siku moja na kupandisha lugha na hivyo kuisingizia. Ghala kuu la Maven liliacha kukubali maombi ya http tangu Januari 2020. Maven 3.8.1 ikaanza kuyazuia yenyewe. Ghala la JCenter, lililotegemewa sana na watu wa Android, limefungwa. Kompyuta ya zamani ilikuwa haisikii haya yote kwa kuwa ilishapakua kila kitu miaka iliyopita na kukiweka kwenye folda ya .m2. Kompyuta mpya haina kitu, inakwenda kuuliza, inafungiwa mlango. Kwa anayefanya kazi kwa bando la simu njia ya Mlandizi kwenda Maneromango, jambo hili lina bei: kupakua upya maktaba za mradi mmoja wa Spring ni mamia ya megabaiti. Nakili folda ya .m2 ya kompyuta ya zamani kabla hujaifuta. Ukiwa mjini penye mtandao wa bure, pakua kila kitu kwa amri ya `dependency:go-offline`, kisha ukirudi jenga kwa `mvn -o`, ambayo haigusi intaneti. Kosa la mtandao likijichanganya na kosa la kompaila, hakuna logi itakayosomeka.

Tuseme sasa kiunganishi kimejengeka. Maandishi ni ya kijani, hakuna aliyekasirika. Hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi zaidi, kwa sababu kosa baya kuliko yote kwenye safari ya Java 8 kwenda 17 halizuii ujenzi, na linamhusu mtu wa Kiswahili kuliko mtu wa Kiingereza.

Java hutunza taarifa za lugha na nchi: majina ya miezi, siku ya kwanza ya wiki, namna ya kuandika tarehe. Hadi toleo la 8 taarifa hizo zilitoka kwenye orodha ya Java yenyewe, na Kiswahili hakikuwemo. Ukiagiza Kiswahili cha Tanzania, sw-TZ, ulipewa Kiingereza kimyakimya. Kuanzia toleo la 9 Java inachukua taarifa kutoka CLDR, hazina ya kimataifa ya taarifa za lugha, na humo Kiswahili kimo. Ni habari njema. Lakini programu iliyoandikwa 2015 ikiwa na sw-TZ na ikaandika "Aug" kwenye faili, leo inaandika "Ago". Mbaya zaidi, ikipokea faili yenye "12-Aug-2023" kutoka mfumo mwingine, itakataa kuisoma, maana sasa inasubiri "Ago". Angalia jinsi kosa hili lilivyo na hila: Januari ni "Jan" kwa lugha zote mbili, Februari ni "Feb", Juni ni "Jun", Julai ni "Jul". Ukihamisha seva mwezi Juni na kujaribu kwa tarehe za siku hizo, kila kitu kitapita. Itaanguka Agosti mosi.

Wiki ndiyo yenye madhara makubwa. Magonjwa ya mlipuko, kipindupindu kikiwemo, huripotiwa kwa wiki. Java 8 ikiulizwa sw-TZ ilianza wiki Jumapili, kwa kuwa haikuijua Tanzania na ikatumia kanuni yake ya jumla. CLDR inaanza Jumatatu. Chukua Jumapili ya tarehe 4 Februari 2024. Programu inayohesabu wiki kwa kalenda ya sw-TZ itasema ni wiki ya 6 ikiwa kwenye Java 8, na wiki ya 5 ikiwa kwenye Java 17. Hakuna kosa litakaloandikwa popote. Wagonjwa wa siku moja katika kila wiki watahama tu kutoka wiki moja kwenda nyingine, na mchoro wa wilaya utaonekana kama ugonjwa umebadili mwendo wiki ile ile seva ilipohamishwa.

Palikuwa na chaguo la kuirudisha Java kwenye orodha yake ya zamani, na wako waliolitumia. Java 23 imeifuta orodha hiyo, kwa hiyo anayelitegemea atakutana na tatizo lile lile akipanda tena. Dawa ya kudumu ni kuacha kuiuliza nchi. Tarehe zinazosafiri kati ya mashine ziandikwe kwa tarakimu, mwaka-mwezi-siku. Wiki zihesabiwe kwa kanuni ya ISO iliyotajwa waziwazi kwenye msimbo, `WeekFields.ISO`, ambayo ndiyo inayolingana na DHIS2 inapoandika 2024W5. Kiswahili kibaki pale anapokisoma binadamu, kwenye kichwa cha ripoti na kwenye kitufe.

Na majaribio yake yasiishie katikati ya mwaka. Jaribu Jumatatu ya tarehe 28 Desemba 2026. Kwa ISO, hiyo ni wiki ya 53 ya mwaka 2026, inayoishia Jumapili tarehe 3 Januari. Kwa kalenda ya sw-TZ, hata kwenye Java mpya, ni wiki ya 1 ya mwaka 2027, kwa sababu CLDR inahesabu wiki yoyote yenye siku ya mwaka mpya kuwa ya mwaka mpya. Kama kiunganishi chako kitaipa tarehe hiyo namba 53, kiweke kwenye seva. Kikitoa 1, bado kuna mstari mahali fulani unaoiuliza nchi, na jdeps haitakuonyesha. Utafute kwa jina la `Calendar` na `WeekFields.of`.